Kaa na Bata, Safari Moja

Alhamisi, 14 Desemba

Wewe uliyefungua daftari hili—tafadhali, lifunge. Ukishindwa, basi usimwambie mtu hata neno moja. Hasa kule mahakamani ninakofanya ukarani. Sitapumua kwa maswali.

Mjomba Reino anataka kuuza mashua ya Babu. Mnunuzi keshapatikana. Nikamwambia aniachie mimi. Akacheka mpaka kahawa ikamtoka puani. "Wewe Aila? Unayevaa jaketi la kuokolea ukiwa bado gatini?" Kweli, mimi huvaa. Lakini sikunyamaza! Tumepatana: Jumamosi niende ghubani peke yangu, nirudi na kaa wa mitegoni na bata wa kuwinda, kama alivyofanya Babu. Nikirudi nimevutwa kwa kamba—mashua inauzwa.

Ijumaa, 15 Desemba

Nimekagua leseni zote mbili, ya kaa na ya bata, kipimo cha kupimia kaa, risasi, kisha leseni tena. Chambo cha mitego ya kaa ni mizoga ya bata wa wiki jana, minofu tumeshakula. Babu hakutumia kingine.

Mjomba kapita, kaona nilivyopanga vitu kwa mstari. "Karani we, hao bata watakuja wenyewe, au mpaka uwapelekee hati ya kuitwa shaurini?"

"Watakuja, Mjomba." Nilijibu!

Jumamosi, 16 Desemba

Niko ghubani! Naandika kwa penseli, vidole vimekufa ganzi.

Alfajiri nilishusha mitego mkondoni, nikaenda kuweka majini bata wa bandia, wa kuwavuta walio hai, nyuma ya kisiwa cha nyasi. Kundi la kwanza likapita—sikufyatua hata risasi moja. La pili, nikaangusha bata wawili! Mbwa wetu Lumi akawaleta. Nikatoa risasi bundukini kabla ya kuwasha injini, nikaenda kuvuta mitego. Imejaa kaa! Majike na wadogo nimewarudisha majini, kila mmoja kwa kipimo. Wamebaki madume sita, wapana kama sahani. Mimi! Mikono hii ya kugonga mihuri!

Kisha nikarudi kuchukua bata wa bandia, na kundi jingine likawa linazunguka juu. Nikasema nisubiri kidogo tu. Mtu wa kutega kaa tu angekuwa nyumbani sasa. Mimi nilitaka vyote. Maji yakapwa chini yangu, na mashua imekaa topeni. Hakuna kilichovunjika. Maji yatarudi alasiri. Ila ukungu unashuka.

Redio imeita. "Aila, uko wapi?"

"Salama, Mjomba. Nasubiri maji."

Akacheka. "Umekwama!"

"Nasubiri maji."

"Haya, mwanangu, nielekeze. Nakuja na kamba."

Naandika jibu kwanza, nisikosee. Hivi:

Toka gatini, fuata mkondo hadi boya la kijani. Kata kulia kwenye vigingi vya zamani vya kufugia chaza. Hapo zima injini, usikilize Lumi anabweka wapi. Usiingie nyuma ya kisiwa, utakwama na wewe. Tia nanga mkondoni, uniite kwa sauti, nitaitika. Njoo na chai ya moto. Kamba iache gatini.