Kamera Aliyoitaka Braza Hamisi

Jumamosi

Bora dukani ningechukua ile kamera ndogo yenye picha ya chenga. Ni nyepesi, na ndege yetu ya rimoti ingeibeba bila kuyumba. Lakini braza Hamisi aling'ang'ania ile nzito inayorusha picha safi. "Nataka nione watu, sio vivuli," alisema.

Ana miezi minane kitandani, tangu adondoke kwenye jengo alilokuwa anajenga na wenzake hapa Vingunguti. Miguu haitarudi. Daktari alishasema.

Leo nimeirusha ndege kutoka uani, yeye kashika skrini chumbani, dirisha wazi. Alikuwa anacheka! "Kulia, dogo. Pandisha kidogo." Sikujua ananipeleka wapi.

Kisha akasema, "Hapo hapo, simamisha." Nikachungulia dirishani. Kwenye skrini wenzake walikuwa juu ya jengo lile lile, limeongezeka ghorofa mbili, wanamwaga zege. Mmoja aliinua kichwa, akaipungia ndege mkono.

"Wanajua ni mie?"

"Hawajui, braza."

"Basi zima."

Nikazima kamera, nikaishusha ndege. Hajala mpaka sasa, kageukia ukutani. Mama ameniuliza nimemfanya nini mwanawe.

Nimemwambia nimemnunulia kamera.