Vidole Vitatu Juu ya Tairi

Jumatatu, 6 Januari

Yuko chini ya gari tena. Nimempelekea chai na vitumbua, nikaona miguu tu. Miguu ya mume wangu! Siku ya kumi na moja ya ndoa na bado nikiiona moyo unaruka. Nimesimama pale na sinia mpaka chai ikapoa.

Hina yangu bado nyeusi mpaka kwenye viwiko. Mbwana anasema nisioshe vyombo, itatoka. Mume gani anasema hivyo?

Lakini sijatulia. Sababu ni gari lenyewe. La bluu, dogo, milango minne. Siku za kazi linampeleka ufukweni kutengeneza injini za boti, na kwa mama yake Kiwangwa, shambani. Jumapili moja kila mwezi anashindana nalo kwenye uwanja wa lami njia ya Mapinga, gari moja moja, dhidi ya saa. Ndipo tulipokutana. Nilikuwa nauza juisi ya ukwaju. Alivua helmeti, akanywa glasi tatu bila kuniangalia, ya nne akaniangalia. Basi.

Alipokuwa kapera alikata springi kwa grenda ili gari likae chini. Lilikaa chini. Na linaruka kama mbuzi. Mwezi uliopita alimleta mama yake hospitali, Bi Tatu ana nyonga mbovu, akalia njia nzima. Siku ya nikahi yetu, mbele ya watu wazima wote, Bi Tatu akasema: "Gari hili likiniliza tena mara moja, liuzwe." Mbwana akajibu, "Ndiyo, Mama." Na Mbwana hana ndiyo ya kupoza watu.

Kliniki nyingine ni Alhamisi ya tarehe 16. Siku kumi.

Likiuzwa, mbio basi. Na yule mtu aliyevua helmeti, je? Naogopa atabaki ndani ya mume wangu amekaa tu, hana pa kwenda.

Jumanne, 7 Januari

Fundi Shomari amekuja jioni. Rafiki wa Mbwana tangu madrasa, mnene, mcheshi, mikono kama makasia. Amelala chini, amechungulia, ametoka anatikisa kichwa. Springi na shokapu, zile nguzo za kumeza mtikisiko, zote zitoke.

Kuna njia tatu. Ya kwanza: shokapu ngumu za mbio na springi fupi, mpya, nyekundu. Ya pili: laini za kawaida. Mama atafurahi, mbio kwaheri. Ya tatu: za kurekebisha. Zina nyuzi mwilini kama parafujo kubwa, unazungusha pete gari linapanda au linashuka. Juu yake kuna kifundo, ukikizungusha kinalia tiki, tiki, na kila tiki inakaza au inalainisha. Hizo ni za mtumba kutoka Japani na lazima ujue kuchagua.

Mbwana amezipenda nyekundu. Nimeyaona macho yake kwenye picha ya simu. Nimemuuliza kama mimi ananitazama hivyo. Amesema mimi ananitazama akiwa amekaa, akisimama ataanguka.

Nimeshona kola ya gauni la mteja upande usio wake. Nimefumua.

Jumatano, 8 Januari

Tumegombana. Mara ya kwanza! Nilijifungia chumbani nikalia kidogo, kisha nikajitazama kwenye kioo nione mke aliyegombana anafananaje. Ni yule yule.

Yeye anasema tuweke nyekundu, akimbeba Mama ataendesha polepole. Mimi nasema shimo ni shimo hata polepole. Amesema, "Zuhura, mimi gari nalisikia mikononi." Nikasema, "Na mimi nalisikia makalioni. Mama pia."

Kacheka mpaka akakaa sakafuni.

Uamuzi: twende Dar Ijumaa, nichague mimi. Mimi! Nilipata C ya fizikia kidato cha nne. Nimetafuta daftari langu la zamani, sura ya springi. Panya wamekula nusu.

Ijumaa, 10 Januari

Gerezani, Dar, mtaa wa vipuri. Jua kali, vyuma kila mahali, harufu ya grisi. Ninaipenda harufu ile, ndiyo harufu ya shingo yake saa kumi jioni.

Muuzaji ameiona hina, akasema, "Bi harusi, hapa hatuuzi vitenge." Amepanga nyekundu mbele yetu. Mbwana akaishika moja kama anashika mtoto mchanga. Nikamwomba muuzaji atoe za kurekebisha. Amezitoa chini ya meza, nne, zina vumbi.

Shomari alinifundisha: futa fimbo ya chuma kwa kitambaa safi. Nimetumia leso yangu ya harusi. Ya kwanza kavu. Ya pili kavu. Ya tatu kavu. Ya nne leso imetoka na mafuta. Imevuja. Nimesema hiyo hatuichukui. Muuzaji akaapa. Nikamwonyesha leso. Akamgeukia Mbwana: "Kaka, umeoa au umeajiri mkaguzi?"

Mbwana akasema, "Vyote viwili."

Ninaandika tena. Vyote viwili!

Kaleta nyingine, nayo nimeifuta. Kavu. Nimezungusha kifundo mwanzo mpaka mwisho, tiki zote zipo. Bei siandiki, moyo utashtuka upya. Njiani zilikaa kwenye kiti cha nyuma zimefunikwa kanga yangu. Bunju nzima alikuwa ananishika mkono akibadilisha gia.

Bado nina wasiwasi. Nimechagua mimi. Zikishindwa, nimeshindwa mimi.

Jumapili, 12 Januari

Zimefungwa! Lakini Shomari amepigiwa simu kabla ya kumaliza, lori limekufa Chalinze. Ameondoka mbio, huku anafuta mikono anatuachia maagizo. "Shemeji, andika. Kifundo kaza mpaka mwisho, halafu rudisha tiki kumi na mbili. Urefu, zungusha pete mpaka vidole vitatu viingie kati ya tairi na bodi. Kila gurudumu. Vitatu, si viwili." Nimeandika nyuma ya daftari hili.

Tumepima wawili. Yeye anazungusha pete kwa spana, mimi nimeingiza vidole vyangu juu ya tairi. Alitaka kupima mwenyewe lakini mikono yake ilikuwa grisi tupu, na, kusema kweli, nilitaka kupima mimi. Gurudumu la nne alinibusu kidole kimoja kimoja akihesabu. Moja, mbili, tatu. Nani ameolewa kama mimi?

Tumelijaribu barabara ya Kaole, wawili tu, gari tupu. Linateleza. Mashimo yote ninayoyajua kwa majina yamepita chini yetu kama yamezibwa. Nimelia. Mbwana amesema si machozi ya Mama hayo, hayahesabiki.

Jumatatu, 13 Januari

Limekaa chini, zuri kupita kiasi. Nimelichungulia dirishani mara sita.

Jumanne, 14 Januari

Kwenye tuta la sokoni limesugua kitu. Mlio mdogo. Mbwana hakusema kitu. Na mimi sikusema. Sipendi kwamba wote hatukusema.

Alhamisi, 16 Januari

Siku mbaya.

Tumetoka alfajiri. Bi Tatu alikuwa tayari barazani kwake, kanga mpya, mkongojo mpya. Shikamoo, marahaba, habari za ndoa. Nimembana kiti cha mbele na mito miwili. Kisha mananasi. Anakuja kukaa kwetu mpaka Jumamosi, na haji mikono mitupu. Ya kwetu, ya jirani, ya daktari, ya daktari mwingine ambaye ni kijana mpole. Buti limejaa, amejaza na chini ya miguu yangu. Nani atamwambia mama mkwe punguza mananasi? Si Mbwana. Na mimi ni bi harusi wa majuzi.

Njia ya shamba tumepita salama. Bi Tatu akasema, "Alhamdulillahi, leo limetulia." Nilimwona Mbwana kwenye kioo. Uso wake wote ulifunguka.

Halafu tukaingia lami, na tuta la kwanza. Gari lilipanda vizuri, likashuka, na likaendelea kushuka. Ngo! Mgongo mzima wa gari ukakaa, tairi likasugua bodi kwa kelele, nanasi likanipiga goti. Bi Tatu akapiga yowe. Si kwa kudeka. Yowe la mtu aliyechomwa. Alishika nyonga na machozi yakamtoka, moja kila jicho. Nilikuwa nyuma yake, niliyaona.

"Mbwana. Uliniahidi."

"Nitaliuza, Mama."

Basi. Tumefika hospitali. Daktari amepewa nanasi lake.

Ijumaa, 17 Januari

Analiosha. Polepole, kama anaosha maiti. Astaghfirullah, kwa nini nimeandika hivyo. Mnunuzi anakuja kesho saa nane.

Nimeshindwa kukaa. Nimefagia ua mara mbili. Kabla ya swala ya Ijumaa nimempigia Shomari, nimemfokea, mimi, mtu mzima yule. Baada ya swala amekuja moja kwa moja na kanzu yake. Akainama gurudumu la nyuma, akaingiza mkono. Haukuingia. Akajaribu tena. Haukuingia.

"Nani alipima hapa?"

Nimeinua mkono wangu.

Ameutazama. Akauweka wake pembeni. Vidole vyake vitatu ni vyangu vitano, nimehesabu mwenyewe. "Shemeji," akasema, "hivi ni vidole au sindano za kushonea?" Hakuna aliyecheka. Ndiyo imekuwa hivyo. Shokapu nilizochagua ni nzima. Gari tumelishusha mno, na lilipobebeshwa mzigo halikubaki na pa kushukia. Kosa ni langu, na mabusu yale ya kuhesabu.

Nimeingia kwa Bi Tatu chumbani, nimepiga magoti kando ya mkeka, nimemweleza yote. Mabusu sikumweleza. Nimemwambia mwanao hana kosa, nimepima mimi.

Akachukua mkono wangu. Akaugeuza juu, akaugeuza chini. Kisha akauliza nani amenichora hina. Nikamtajia somo wangu, aliyenifunda. Akasema amechora vizuri. Akasema, "Mkono huu haujalima." Hakusema kwa ubaya.

Akaomba mkongojo. Tukamfuata wote hadi uani. Akauegemea, akainama kwa uchungu wake wote, akabandika vidole vitatu juu ya tairi. Vinene, vimevimba maungio, vina makovu ya miiba ya mananasi. "Pimeni hivi."

Mbwana akasema, "Mama, neno nilishatoa."

"Nililia, sikatai. Lakini kesho mnanirudisha Kiwangwa kwa lipi? Nitaondoka asubuhi, kabla ya huyo mtu wenu. Na mzigo uwe ule ule."

Mananasi yameshagawiwa. Shomari amejaza mchanga kwenye viroba, akapima uzito kwa kunyanyua na kuguna. Pete zimepandishwa gari likiwa tupu, vidole vya Mama kila gurudumu. Kifundo cha nyuma Shomari amekirudisha tiki nane tu badala ya kumi na mbili, mzigo unataka kukazwa kidogo. Kanzu yake haitatakata tena.

Jumamosi, 18 Januari

Nimeshika ukingo wa kiti njia nzima. Kucha zimeuma.

Niko nyuma, viroba vya mchanga miguuni, Mama mbele na mito yake. Tumekaribia tuta lile. Mbwana hakupunguza kupita kawaida, aliniambia baadaye kwamba aliona ni kumdanganya. Likapanda. Likashuka. Nikangoja ngo. Halikusema kitu.

Lakini Mama naye kimya. Kimya mno. Kichwa kimeinama upande wa dirisha, mabega yanatikisika kidogo. Nikajua analia na hataki tumsikie. Matuta mengine matatu vile vile. Mbwana amekaza taya, haangalii pembeni. Nilitamani kushuka nitembee.

Tumefika shambani, injini imezimwa. Nikatoka, nikazunguka kumfungulia mlango.

Amelala! Mdomo wazi, udenda kwenye kanga mpya. Anakoroma taratibu.

Nimemgusa. Akashtuka. "Tumefika wapi?"

"Nyumbani, Mama."

"Na lile tuta?"

"Tumelipita."

Akamtazama mwanawe muda mrefu. Akafuta udenda. Akasema, "Huyo mnunuzi mpigie simu. Atafute jingine."

Mbwana ametoka, amekwenda nyuma ya mihogo, amekaa huko. Sikumfuata. Nilibaki nikishusha viroba, na Mama akaniambia niache, mchanga wa pwani atapandia maua.

Jumapili, 19 Januari

Uwanja wa Mapinga. Gari tupu, pete zimeshushwa mpaka vidole vyangu, vifundo vimekazwa. Nimepima mimi. Amekuwa wa nne katika kumi na moja. Wa nne! Kwenye kona ya mwisho halikuyumba hata kidogo, na mimi nilikuwa napiga kelele mpaka juisi imemwagika. Alivua helmeti, akaja moja kwa moja kwangu. Glasi ya kwanza ameninywesha mimi.

Jumatano, 22 Januari

Hina imetoka. Imebaki kwenye kucha tu.

Nimekata vijiti viwili vya mwanzi. Kimoja upana wa vidole vya Mama, nilikwenda na uzi nikampima. Kimoja cha vyangu. Vinakaa kwenye kidroo cha dashibodi, vimefungwa kwa leso ile yenye doa la mafuta.

Asubuhi kumetulia. Kesho anapeleka mbolea Kiwangwa. Yuko chini ya gari, naona miguu. Nimeweka chai kwenye tofali, nikachuchumaa. Amenyoosha mkono nje bila kusema kitu.

Nimempa kijiti cha Mama.