Mkate wa Tonton Célestin

Bruxelles, Jumanne jioni

Mama yangu,

Mgongo unaendeleaje? Papa ameacha kukohoa asubuhi, ama bado anasema ni vumbi tu? Na mdogo wangu Joël, anasoma, ama ni mpira kutwa? Sisi huku tuko wazima. Mama mdogo Odile anasuka watu saluni mpaka vidole vinakakamaa, akirudi anaviloweka kwenye maji ya moto. Mimi mwili ni mzima, ila siwezi kutulia. Barua hii nimeianzia mezani, nikahamia dirishani, sasa niko kwenye ngazi za nje na majirani wananiruka.

Mama, uliniuliza kwenye simu kama mwaka wa shule ukiisha nirudi Lubumbashi ama nibaki. Nikajibu, "Kama mtakavyopenda." Nikakusikia unavyofurahi kwamba narudi. Tangu hapo nahangaika, maana sikukujibu. Ngoja kwanza nikueleze ya Jumamosi.

Wafanyabiashara wa galerie, ile ya maduka kule Matonge kwenye mtaa wa watu wetu, walifanya siku ya kuonja hot dog, zile soseji za ndani ya mkate. Kila mtu apike kwa namna ya kwao. Baba mmoja wa Denmark alileta soseji nyekundu kama rangi ya kucha, juu vitunguu vya kukaanga. Yule wa Chicago alijaza nyanya na matango ya siki, mtu akimwomba ketchup anamtazama kama ameomba sumu. Madame Luz wa Kolombia, anayeuza nguo mkabala na saluni, aliweka mchuzi wa nanasi na chipsi za kuvunjavunja. Na wa kwetu alikuwa Tonton Célestin wa kwaya, mjomba wa wote kanisani, yule aliyenipokea uwanja wa ndege na koti la binti yake mkononi. Yake ilikuwa ya Lubumbashi: kabichi, mchuzi wa nyanya, pilipili.

Waamuzi walikuwa watatu. Walitaka mmoja awe kijana wa kutangaza matokeo kwa Kifaransa na Kiflamu, na mama mdogo akanitaja kabla sijajificha. Mimi, ambaye kanisani nakaa nyuma ya nguzo!

Bon, wenzangu wanauma kidogo, wanaacha. Mimi namaliza zote. Ulitulea kwamba aliyekupikia humrudishii sahani yenye chakula, na wapishi wenyewe walikuwa wamesimama pale wakiangalia mdomo wangu. Nikafungua kifungo cha sketi chini ya meza. Alama pia nikawapa wote sawa, neuf sur dix, tisa juu ya kumi, maana nani nimpe nne akiwa ananitazama? Kumbe kwa wale waamuzi wengine, Tonton na Madame Luz walikuwa wamelingana kileleni. Mkubwa wetu, mama mmoja Mflamu, akasema basi Plamedi ataamua, tena kwa sauti.

Watu wa kwetu wakaanza kupiga makofi kama vile nimeshasema. Tonton akacheka.

"Sema tu, mutoto. Watu beko na njala."

Nikasema, "Ya Madame Luz." Halafu ikabidi niseme tena kwa Kiflamu, ndiyo kazi niliyopewa. Makofi yakafa.

Tonton akaja mpaka mezani. "Yangu iko na nini?"

"Mkate ulilowa, Tonton. Mchuzi uliwekwa mapema. Lakini soseji ilikuwa tamu."

Alienda kwa Madame Luz, akala yake pale pale, polepole, akajifuta mdomo. "Ndiyo vile," akasema, akaanza kukunja meza yake. Mpaka leo sijui kama amekasirika.

Mama mdogo, yeye amekasirika. Kwenye tram alinikumbusha lile koti, akasema mtu wa kwenu humwangushi mbele ya wazungu. Sasa chumvi ananiomba kupitia watoto wake. Inaniuma, maana nampenda. Lakini nikijichunguza sijutii, na hilo ndilo linanitisha.

Donc, jibu langu ni hili. Mama, nataka kubaki.

Si kwamba Bruxelles ni tamu. Baridi inauma mpaka meno, na jina langu bado wanalivunja. Ila darasani nimeanza kuinua mkono, masikio yanawaka lakini nauinua. Nikirudi sasa, naona nitarudi nyuma ya nguzo. Nataka nimalize shule hapa. Na nakutamani, Mama, mpaka nafungua sanduku kunusa kitenge chako. Yote mawili ni kweli, sijui niyapatanishe vipi. Najua umeshaninunulia godoro. Mpe Joël alilalie.

Nimeandika kwa sababu kwenye simu nikikusikia unahema tu, nitakubali tena. Barua anaileta yaya Mireille, yule dada jirani anayekuja huko kuzika baba yake. Mpikie, hajala vizuri wiki hii.

Msalimie Bibi, umsomee polepole. Msalimie Tonton Pascal, ndugu ya Papa, umwambie anisamehe kwa usumbufu wa kunitafutia shule huko. Papa umwambie wewe mwenyewe, unajua saa yake nzuri.

Jumapili baada ya misa nitashika simu. Ukinyamaza, nitangoja. Ukiniuliza tena, nitajibu hivi hivi.

Binti yako akupendaye,
Plamedi