Mpaka Ulioutundika Mitini

Baba Mdogo, shikamoo.

Nimeiandika hiyo shikamoo, nikaishikilia kalamu kama vile nasubiri uitikie. Mazoea. Mungu akupe raha ya milele, na mwanga wa milele akuangazie.

Padri alituambia kwenye Misa ya arobaini yako kwamba marehemu haitwi, anaombewa. Basi mimi sikuiti. Nakuombea kila siku, rozari nzima, na Mama Mdogo akiwa na nguvu tunasali pamoja. Ila kuna jambo moja nikiliingiza kwenye sala, sala inapinda. Naanza na Mungu, katikati nakuta nakuuliza wewe. Nimeona afadhali nilitoe kwenye karatasi, sala ibaki sala.

Sisi wazima. Mama Mdogo anakula sasa, siyo kama zile siku za mwanzo. Mgongo wangu ni ule ule. Jambo lenyewe ni msitu.

Wewe unayajua yote, lakini acha niyapange, maana kichwa changu kimevurugika. Msitu huu ukawa hifadhi ya kijiji kwa sababu yako. Wazee wengine walikuwepo, sikatai, lakini aliyekuwa akipanda baiskeli hadi ofisi za wilaya Isikizya, akirudi na vumbi hadi kwenye kope, na kesho akienda tena, ni wewe. Wakulima wa tumbaku walipotaka magogo ya kukaushia tumbaku kwenye mabani yao, ulisimama mkutanoni ukawaambia kwamba kuni za bani huisha msimu mmoja, nyuki hurudi kila mwaka. Na wale wachoma mkaa, uliwakalia juu ya magunia yao ukaanza kuwauliza majina ya babu zao, mmoja mmoja, taratibu, mpaka wakachoka wenyewe wakaondoka. Tulicheka sana siku ile.

Kwenye mazishi yako mtani wetu Chilongo, yule Mgogo fundi baiskeli, alikufanyia utani wa haki, ule wa tangu wazee wetu walipokuwa wakipita kwao na mizigo kwenda pwani. Alivaa kofia yako, akakaa pembeni ya kaburi, akakataa watu wasifukie. "Mnyamwezi huyu asali ameondoka nayo," akasema, "mimi ameniachia nyuki." Watu walicheka huku wanalia. Tulimpa kuku ndipo akatoka.

Baada ya arobaini ukoo ukakaa. Vitu vyako vikagawanywa bila kelele, namshukuru Mungu kwa hilo. Mizinga wakapewa wanao na wapwa zako. Na wewe unajua kwetu mzinga wa marehemu hauachwi juu ya mti na chapa yake. Mrithi anaupanda, anaushusha, anausafisha, anaupiga chapa yake, kisha anautundika anapotaka yeye. Wakafanya hivyo hivyo. Kila mmoja akaenda kwenye fungu lake. Walishusha hata ile mizinga mikuukuu ya pembezoni, iliyokaa bila nyuki miaka na miaka. Mwanao mkubwa, Kulwa, yeye alipewa ya upande wa mbuga. Akaipakia kwenye kirikuu akaipeleka kwake mjini, Chemchem. Wanasema miwili mitatu sasa ni pambo la baa, imewekewa taa ndani. Sijaiona kwa macho.

Basi hatukufanya kosa, Baba Mdogo. Nalirudia hilo kila siku. Tulifanya kama inavyofanywa.

Mvua hazijashika vizuri, tukasikia mashoka. Nikaenda na watu wa kamati ya maliasili. Nilidhani tutakuta wageni. Tukakuta vijana wa hapa hapa, tena mmoja nilimsimamia kipaimara, wanaangusha miti ile mikubwa ya mitundu iliyo pembeni. Walinisalimu vizuri tu. Nikawauliza wanafanya nini ndani ya hifadhi, na huyu mwanangu wa kipaimara akanitazama kwa mshangao wa kweli, siyo wa ujeuri.

"Shangazi, mti hauna mzinga. Kwani una mwenyewe?"

Mti wenye mzinga hakuna mtu wa huku atakayeupiga shoka, kwa adabu na kwa kuogopa nyuki. Usio na mzinga, kwake, ulikuwa mti tu. Niliporudi nikamsimulia Chilongo pale kwenye banda lake. Hakuinua hata kichwa kwenye tairi. Alisema, "Mzee alijenga ua, nyie mmegawana ua kama nyama ya shughuli."

Tangu siku hiyo sijatulia. Maana nakumbuka nikiwa bado binti, nimekubebea maji na kitambaa cha moshi, unatundika mzinga mahali ambapo hata mimi niliona hapana maua wala maji karibu. Nikakuuliza nyuki watakuja kufanya nini huko. Ulisema tu, "Hapo panatosha, mama." Uliniita mama siku zote, kwa kuwa nimebeba jina la mama yako. Nikadhani ni ubishi wako wa kawaida. Sasa sijui. Ulikuwa unajenga mpaka? Au Chilongo ndiye mwenye akili nyingi, na wewe ulikuwa unatundika tu mizinga mibovu mahali pa kuiweka? Kulwa anasema ulikuwa mvivu wa kuirudisha nyumbani. Nilimkasirikia, halafu nikajiuliza, na kama ni kweli?

Tukaenda Isikizya, mimi na mtendaji. Tukapokelewa na kijana mmoja mpole, akanipa kiti chake. Akasema ramani ipo, haijapotea, lakini ni ya kuchorwa kwa mkono na alama za ardhini zilifutika, hivyo watakuja na rangi na sisi wenyewe tuwaonyeshe mstari, kijiji kizima kikiwa kimekubaliana. Mkutano ukaitwa. Wakanichagua mimi nitangulie, eti ndimi niliyetembea nawe zaidi. Wazee wawili wakanung'unika, mwanamke asiyepanda mti ataonyesha nini. Mwenyekiti akawajibu, "Hatumpandishi mti, tunamtembeza." Ikapita.

Nikaenda peke yangu kwanza kujaribu. Hadi kwenye kijito nilikwenda vizuri, miguu inajua. Baada ya kijito, kuelekea mbuga, nikasimama. Baba Mdogo, miti yote ilifanana. Ndipo nilipogundua kwamba miaka yote ile nilikuwa natazama mizinga, sikuwa natazama miti. Na pale ndipo lilipo shamba la Sesilia, yule mjane, mahindi na karanga zake zinagusa msitu kabisa. Nikienda nje kidogo nimemla mjane. Nikienda ndani kidogo nimeugawa msitu. Chilongo akaniambia nionyeshe popote, nani atanibishia. Lakini kuonyesha mbele za watu wote hivyo kwangu ni sawa na kuapa, na mimi nakomunika kila Jumapili.

Wazo lilinijia nikiwa napepeta mchele, wala si kanisani. Mizinga imeshushwa, lakini aliyeshusha anaujua mti aliopanda. Mtu hasahau mti uliomchuna goti. Nikawatumia wote ujumbe, wanao na wapwa zako, kila mmoja aje siku ile asimame kwenye mti wake.

Walikuja. Mmoja alitoka Nzega na basi la asubuhi. Mwingine alikuja amelewa kidogo, lakini mti wake aliujua, akaukumbatia. Ungewaona, Baba Mdogo, wamejipanga toka kijitoni, mmoja huku, mmoja kule, wanapungiana mikono kwenye majani. Chilongo alipita anawakagua, anagonga matumbo yao kwa fimbo, anasema mizinga ya mwaka huu inakula ugali. Hata yule kijana wa Isikizya alicheka hadi akamwaga rangi. Tukatembea. Nilitangulia, nikigusa kila mti, nao wakipaka nyekundu. Kwa mara ya kwanza tangu tukuzike nilisikia moyo umekaa mahali pake.

Mpaka tulipofika upande wa Kulwa.

Kulwa hakuja. Nilimpigia hapo hapo, watu wananisikiliza. Hakunitukana wala hakupandisha sauti. Alisema, "Dada, Baba aliniambia upande ule ni wangu, nije nilime nikistaafu mjini. Wewe ulikuwepo?"

Sikuwepo.

Nikarudisha simu mfukoni. Mbele yangu majani, kulia msitu, kushoto karanga za Sesilia, naye Sesilia mwenyewe amesimama na jembe lake begani ananitazama. Kijana wa Isikizya akaniuliza kwa upole, "Mama, mstari unapita wapi hapa?" Ningeweza kunyoosha mkono. Wote wangenifuata. Nikasema, "Sijui."

Mwenyekiti aliangalia chini. Wale wazee wawili wakatazamana. Kijana akafunga kopo lake la rangi, akasema pengo lile libaki hivyo mpaka kijiji kikubaliane, watarudi baada ya mavuno, na hadi hapo pasilimwe wala pasikatwe. Watu wakaondoka mmoja mmoja. Wengine wananisifu, wengine wanasema nimeuharibu msitu kwa neno moja. Mimi mwenyewe asubuhi naona nilifanya vizuri, jioni naona nilikusaliti.

Ulimpa, Baba Mdogo? Baba anaweza kumpa mwanawe. Lakini wewe uliyewakatalia shemeji zako kipande cha msitu mbele ya mkutano, uliyesema hifadhi haina mtoto wa kwanza, ungewezaje kumpa na usituambie? Au Kulwa anajitungia? Ila alilia kweli kaburini, nilimshika mwenyewe, na machozi yale hayakuwa ya kuigiza. Nikimaliza kumkasirikia yeye, nakukasirikia wewe. Uliwezaje kuweka mpaka wa watu wote kwenye vitu vinavyogawanywa mtu akifa? Kwa nini hukumwambia hata mtu mmoja? Halafu natubu, nasali kitubio, na kesho yake naanza upya.

Jumamosi nakwenda Chemchem. Siendi kugombana. Nitakunywa chai ya mkewe, nitauliza watoto, kisha nitamwomba Kulwa aje twende naye mbugani, anionyeshe uliposimama ulipomwambia hayo, ayaseme mbele ya Sesilia na mbele ya mwenyekiti. Akiweza kuyasema pale, nitamsikiliza, hata ikiniuma. Asipoweza, nitajua kidogo zaidi ya ninavyojua leo.

Siwezi kukuahidi kwamba msitu wote utabaki. Ningependa, lakini nitakuwa nakudanganya, na wewe uongo uliunusa hata ukiwa umelala. Nakuahidi hili: sitaonyesha mpaka nisioujua, si kwa kumfurahisha Kulwa, si kwa kumwogopa mtu, wala kwa kukufurahisha wewe. Na mpaka tutakapojua, kila asubuhi nikitoka kumwagilia mboga napita kwenye lile pengo, nasimama kidogo, ili mwenye shoka akija akute mtu.

Lala salama, Baba Mdogo. Kama ulimpa, unisamehe. Kama hukumpa, uniombee huko uliko, maana huku nimebaki na miti isiyosema.

Mama yako wa jina, binti yako,
Veronika