Mgeni Aliyeingia Baharini Ijumaa Kuu

Anse Gouti, Tobago
Jumatatu ya Pasaka

Kwa dada yangu mpendwa Shernelle,

Pokea salamu za mdogo wako, kijana mtanashati kuliko wote upande huu wa kisiwa, hata kama huko Toronto habari hiyo bado haijafika. Baridi imewaachia? Kadeem na Tianna wanakula vizuri? Na shemeji, bado anakoroma kama mashine ya boti? Sisi huku tu wazima. Bibi anatembea, anakula, anagomba, kwa hiyo hana ugonjwa. Najua kwenye barua mtu huandika kwamba yeye ni mzima na hofu ni kwako tu uliye mbali. Mimi sikudanganyi, dada. Wewe huko naona umetulia. Hofu iko kwangu, imenikaa hapa kifuani tangu Ijumaa Kuu, kwa sababu nusura nimuue mtu kwa neno moja, na bado sijamaliza kuogopa.

Utashangaa kuona barua badala ya simu, tena kutoka kwangu mimi ambaye Mwalimu Melville alisema mwandiko wangu ni kaa aliyelewa ramu. Lakini simu ya nyumba hii Bibi huiweka spika, na ukijifungia nayo chumbani utamsikia anafagia palepale mlangoni mahali ambapo pamefagiliwa asubuhi. Barua hii ataibeba binamu Dexter, anaruka kuja huko Alhamisi. Isome ukiwa peke yako.

Habari yenyewe ni ya mgeni wetu. Kile chumba cha nyuma, chako, Bibi amempangisha mama mmoja wa Finland anayeitwa Aino. Ana miaka sitini na kitu, mrefu kama mlingoti, amestaafu kuendesha mabasi ya mjini kwao. Amekuja mapumziko peke yake. Narudia, Shernelle, peke yake: hana mume, hana shoga, hana hata mtoto wa jirani wa kumshikia kikapu. Unatujua sisi. Kwenda ufukweni ni kwenda na sufuria la pelau, ule wali wetu wa kuku, na shangazi watatu, redio, na mtoto mmoja wa kulia. Mtu akikaa mchangani peke yake tunajua amefiwa au amechanganyikiwa. Siku ya kwanza alipopita dukani kwa Shangazi Verlyn, kila aliyekuwepo alimuuliza mumewe yuko wapi. Akawajibu kwamba hana, na kwamba hajampoteza, hakuwahi kuwa naye. Shangazi Verlyn akamtazama kwa huruma, akamwongezea embe mbili kwenye mfuko, akamwambia, "Pole mwaya, bado hujachelewa."

Bibi naye hakuweza kuvumilia kumwona mtu anakula bila mwenzake. Kila jioni akishampakulia kaa na maandazi yake ya kuchemsha, anavuta kiti, anakaa mbele yake, anamtazama anavyotafuna mpaka amalize. Bi Aino akasema kwa upole kwamba si lazima Bibi ajisumbue. Bibi akamwambia, "Wewe kula, mwanangu, mimi nipo." Kisha akanipa mimi kazi ya kumfuata mgeni kila aendako, ila mgeni asijue kwamba anafuatwa. Mimi, mwenye kofia hii nyekundu na mwendo huu wangu, nisionekane.

Kule ufukweni vijana hawakumpa nafasi. Mmoja anamuuzia shanga, mwingine anataka kumpaka shubiri mgongoni, wa tatu anamwimbia nyimbo za mapenzi huku akimwita mke wake wa kesho. Na sitakuficha, wa kwanza kumsogelea nilikuwa mimi. Nilimwambia mimi ndiye mwalimu wa kuogelea wa ghuba hii, kwamba nimefundisha Wajerumani, Wakanada, na padri mmoja mnene ambaye kila mtu alikuwa amemkatia tamaa. Akasema vizuri, akarudi kwenye kitabu chake. Baadaye nikasikia kwamba kwao huyu mama hutoboa barafu ziwani akaogelea humo kabla ya kunywa kahawa. Nilivuta kofia machoni nikahamia upande wa pili wa ghuba, jambo ambalo kwangu unajua ni ugonjwa.

Alhamisi ndipo aliponiuliza. Alitaka kujua kama kuna siku ufukwe huwa mtupu, maana alikuwa ametoka mbali kuja kukaa na bahari, na tangu afike amekaa na sisi. Alitaka siku moja tu asiulizwe kitu. Nikamjibu papo hapo, kwa kiburi cha mwenye mali, "Kesho, Bi Aino. Kesho ufukwe wote ni wako. Hata mbwa hutamwona." Akafurahi. Ilikuwa mara ya kwanza kuona meno yake.

Sasa nakuandikia wewe kwa sababu wewe ni wa hapa, utanielewa bila kunicheka. Ijumaa Kuu nani anaingia baharini? Tangu tunanyonya tumeambiwa ukioga baharini siku hiyo unageuka samaki. Hupigi msumari, hushiki kisu, na ukichanja mti wa mbono saa sita mchana utomvu unatoka mwekundu. Boti zinavutwa juu tangu Alhamisi na mashine zake zinalala majumbani. Nilipomwambia ufukwe ni wako, nilimwona akilini amekaa mchangani na kitabu, amejifunika kitambaa, anatazama maji kama wanavyotazama watu wenye akili. Wazo kwamba angeingia majini halikunipitia akilini hata kwa mbali. Ukimkaribisha mtu jikoni, unamwonya asikalie moto? Kwa hiyo sikumwambia habari za mdomo wa mto, jinsi mkondo unavyovuta kwenda nje mvua ikinyesha milimani. Siku nyingine yoyote ningemwambia, kila mgeni namwambia. Na milimani ilikuwa imenyesha Jumatano nzima.

Tulikuwa kanisani, Mchungaji yuko kwenye neno la tano kati ya yale saba ya msalabani, Bibi akanigusa kwa kiwiko akaniuliza mgeni yuko wapi. Nikamnong'oneza kwamba yuko ufukweni, amestarehe. Akaniuliza yuko na nani. Nikasema peke yake, ndivyo alivyotaka. Bibi akaniangalia kama vile nimetoa tusi madhabahuni. "Hakuna anayetaka hivyo," akasema, "nenda." Nikatoka, na nilifurahi kwelikweli kuyakwepa maneno mawili yaliyobaki. Niliteremka ile njia napiga mluzi.

Nikakuta taulo. Nikakuta kitabu kimefunikwa juu ya taulo, na viatu vimepangwa pamoja kama vya mtu aliyeingia kulala. Mtu hayupo. Nilitazama huku na huku, nikajiambia labda ameenda vichakani. Halafu nikaona kitu mbele ya mdomo wa mto, mbali, cheusi, kidogo kama nazi. Nazi ikainua mkono.

Nilipiga kelele ambazo nadhani hata huko mlizisikia. Ibada ilikuwa inamalizika, watu wakaja wakikimbia na nguo zao nyeupe, wakafika ukingoni mwa maji wakasimama safu moja, viatu mkononi, na hakuna aliyegusa povu. Utadhani kuna ukuta. Shangazi Verlyn akawa anasema Bwana wangu, Bwana wangu, anarudi nyuma kila wimbi linapokuja. Mimi nilikuwa nimeingia hadi magotini. Mbele ya kila mtu, dada, magotini. Ndipo mmoja wa wale vijana wa shanga akasema kwa sauti, "Keston, si wewe mwalimu wa kuogelea?" Wakanigeukia wote. Nikaona midomo yangu inafunguka, na nikasikia sauti inayofanana na yangu inasema kwamba leo ni Ijumaa Kuu, kwamba siwezi kumvunjia Mungu siku yake.

Hakuna aliyenicheka. Wengine waliitikia kwa kichwa.

Nahodha Fitzroy akamtazama Bibi, kwa kuwa ndiye mkubwa kuliko wote pale. Akamwambia, "Mama, siku yenyewe unaiona." Bibi aliitazama bahari, na nilitamani asimalize kuitazama maana kule kungoja kulikuwa kunanisitiri. Kisha akasema, "Sukumeni." Wanaume wanane wakaisukuma boti hadi maji yakawafika kiunoni, na suruali zao za kanisani, huku mtoto mmoja akitumwa mbio kuleta mashine. Mpaka inafungwa na kuwaka, ile nazi ilikuwa imeshapita nyuma ya rasi. Boti ikaenda. Boti ikazunguka. Ikarudi bila mtu.

Bibi alikuwa amekaa mchangani, amelikunja taulo la mgeni akaliweka mapajani. Akaniuliza kama ni mimi niliyemwambia aje leo. Nikasema ndiyo, Bibi. Akalikunjua taulo, akalikunja upya. Ungekuwepo ungejua ni afadhali angenipiga. Watoto walikuwa wameacha lile sanamu la Yuda la matambara, linalopigwa fimbo kila Ijumaa Kuu, katikati ya njia bila kumaliza kulipiga, na mimi nililiona na kulionea wivu, kwa sababu lenyewe lilikuwa halisikii kitu. Boti ikatoka tena. Nilikuwa nahesabu watu ambao wangekuja kumuuliza Bibi: ubalozi, polisi, ndugu za mgeni kama anao, na kila mmoja jibu lake lilikuwa mimi.

Basi watu wakiwa wanatazama baharini, nyuma yetu, kwenye njia ya kanisa, tukasikia mtu anauliza kama kuna aliyeona viatu vyake. Bi Aino. Peku, magoti yamechunwa na miamba, damu inamtiririka hadi kwenye vidole. Alikuwa ameuacha mkondo umchukue, akaukata kwa ubavu taratibu mpaka akatokea mawe ya upande wa pili, akapanda, akashika barabara. Shangazi Verlyn alimgusa miguu yote miwili kuhakikisha kwamba bado ni miguu. Bibi akamfunga taulo mabegani akamwambia, "Twende ukale," na sauti yake haikuwa sauti yake.

Ungedhani imeisha. Jana kwenye ibada ya Pasaka Mchungaji alimshukuru Mungu kwa uzima wa mgeni, akawaombea wanaume wanane waliolazimika kuingia majini, kisha akanitaja mimi kwa jina, kijana aliyeishika siku takatifu hata mbele ya jaribu. Shernelle, nilisimama nikapungiwa. Nahodha Fitzroy, ambaye amekuwa akijikagua magamba kila asubuhi, alinipa mkono.

Sikuweza kula. Nilimfuata Bi Aino kibarazani alikokuwa anapaka dawa magoti, nikaanza kumweleza ile habari ya samaki, kwamba ni mila yetu, kwamba laiti ingekuwa siku nyingine. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniambia kwamba aliniona pale, nimesimama magotini, na kwamba kule nje alikuwa anaomba jambo moja tu, mimi nisiingie. Alijua sijui kuogelea. Alijua tangu siku ya kwanza, kwa jinsi ninavyoshika ubavu wa boti kila wimbi likija. "Nimesafiri peke yangu," akasema, "nguvu niliyokuwa nayo ni ya mtu mmoja."

Basi sasa unajua. Sijui kuogelea, dada. Sijawahi kujua. Wale Wajerumani walikuwa wanajua tayari, mimi nilisimama maji kiunoni nikiwapigia kelele wapige miguu. Yule padri alizama, tukamtoa kwa kasia. Siku ile ya Ijumaa si habari ya samaki iliyonizuia, ni woga, na nikauvika kanzu ya kanisani watu wakaupungia.

Ningeweza kukaa na siri hii, ninazo nyingine zimekaa vizuri tu. Lakini uliandika kwamba Agosti unawaleta watoto, kwamba nitawafundisha mimi, na kwamba Tianna ameshawatambia wenzake shuleni kuwa mjomba wake ni samaki. Tangu Ijumaa nikifumba macho ile nazi naiona, na si Bi Aino. Ni Tianna, ameinua mkono, ananiangalia mimi kwa kuwa mimi ndiye mjomba. Nami niko magotini. Tafadhali usiwaache waingie majini wakiwa na mimi, hata nikikusihi, hata nikikuchekesha. Wakija, waende na Nahodha Fitzroy. Watoto waambie utakalo. Bibi nitamwambia mwenyewe kabla ya Jumapili, na ukisikia simu imekatika ghafla usishtuke.

Leo asubuhi, kabla ya watu kuja na masufuria yao, Bi Aino alinipeleka ule upande wa mbali na mto. Akaniwekea mkono mgongoni akaniambia nilale. Nilikunywa bahari nusu, nikalia kama mbuzi wa yale mashindano ya mbio za mbuzi ya kesho. Akauliza kama natulia. Nikamwambia mimi ni simba, na simba hatulii. Akauondoa mkono.

Bibi anakusalimu na anauliza kama yale mablanketi yalitosha. Shangazi Verlyn anakusalimu, na anasema kama huko kuna mjane mwenye tabia njema na mrefu, kuna mtu huku. Wasalimie Kadeem na shemeji, na Tianna mbusu mara mbili bila kumwambia ni za nini.

Ni mimi mdogo wako, ambaye leo maji yamemfika kifuani,

Keston