Ndege ya Agnes Haikupita Kwetu

Jumatatu, 3 Juni
Nimefagia, nimepanga mchicha na nyanya gengeni, nimempigia mwanangu Agnes. Hapokei. Atakuwa chini ya ndege yake, mikono imejaa oili. Ndiyo, mwanangu ana ndege. Yake mwenyewe, siyo ya kampuni. Viti viwili, imemzidi yeye umri. Aliikuta imetelekezwa, akaifufua kwa mikono yake, kidogo kidogo. Hapa Gongo la Mboto nani mwingine ana mtoto wa hivyo? Jana baada ya sala nimewatangazia wanajumuiya wenzangu: Jumamosi Agnes anapita juu yetu, tuibariki kama tunavyobarikiga magari. Yeye bado sijamwambia. Atafurahi tu.

Jumatano, 5 Juni
Sare zetu za Jumamosi zimeshonwa. Kitenge cha bluu, nimechagua mie. Jirani yangu Mama Frida kaja kuchukua yake, kaivaa, kajigeuza mbele ya kioo changu, halafu: "Mama Agnes, lakini hiyo ni ndege kweli au tiara?" Wenzie aliokuja nao wakacheka mpaka wakashikana mabega. Na mie nikacheka. Moyoni nachemka. Subirini Jumamosi.

Alhamisi, 6 Juni
Agnes kapokea. Nikamweleza. Akaniambia: "Mama, hapo kwetu siruhusiwi kupita. Ndiyo njia ya ndege kubwa zikienda kutua."
Nikamwambia zinapita hapa kutwa, zinatikisa bati, hako kadogo katamzibia nani?
"Mama, siyo barabara ya Pugu useme nitajibana pembeni."
Nimekata simu. Nimembeba mgongoni, leo ananifundisha njia! Nimeudhika.

Ijumaa, 7 Juni
Ilibidi niwaambie watu. Sijawaambia. Labda Agnes atanionea huruma, apite.

Jumamosi, 8 Juni
Aibu. Walikuja wote, bluu tupu, uwanja wa kanisa letu la kigango umejaa. Katekista na maji yake ya baraka. Ubwabwa umeiva. Kila ndege ikitokea, "Ndiyo hiyo?" Nimetazama juu mpaka shingo imekaza. Likapita dude kubwa la abiria, mtu akapiga kigelegele. Mama Frida akamkatiza: "Nyamaza wee, hilo lina wenyewe." Wakala, wakaaga, wakaondoka. Wamekula ubwabwa wangu huku wananionea huruma. Afadhali wangenicheka. Nimemchukia Agnes. Ndiyo, naandika. Nimemchukia.

Jumapili, 9 Juni
Misa sijaenda. Jioni Agnes kaja. "Shikamoo mama." Sikuitikia. Akasugua masufuria yote ya jana, kucha nyeusi kwa oili. Alipomaliza: "Kesho nina mapumziko. Vaa viatu vya kufunga."

Jumatatu, 10 Juni
Uwanja wa nyasi, mbali, kupita Bunju. Ndege yenyewe ndogo kuliko nilivyowasimulia watu. Rangi imebabuka, mlango mpaka uubamize, kiti changu kimechanika, sponji liko nje. Nikaona uchungu. Hii ndiyo niliyojivunia? Nilikuwa na chupa ya maji ya baraka yaliyobaki Jumamosi. Nikanyunyiza kwenye tairi na kwenye mabawa. Agnes akasubiri mpaka nikamaliza.

Tukapaa. Nilipiga kelele, sitaki kudanganya. Kelele zilipoisha nikamtazama. Anatabasamu, wala hamtabasamii mtu. Vilevile alivyokuwaga mchanga, akishanyonya akashiba anasinzia. Sura hiyo sijaiona tangu akue. Chini mabati na minazi, vidogo, vimetulia. Nikamuuliza mbona hakuwahi kunileta. Akajibu kwa sauti ya juu, injini inanguruma: "Ningekuleta, mama. Ila ungewaambia watu. Huku juu ndiko pekee siulizwi kitu."

Imeniuma. Ni kweli. Tulipotua nikamwambia, "Marahaba." Akacheka.

Jumatano, 12 Juni
Kimebaki kipande cha kile kitenge cha bluu. Nakishona kiwe kifuniko cha kile kiti cha ndege. Mama Frida kapita gengeni, kauliza nashona nini. Nikamwambia foronya. Akachagua nyanya zake, akaenda. Nimeendelea kushona.