Roboti ya Kabatini

Jumatatu, 5 Mei

Waya wa mota umeng'oka tena. Mara ya tatu. Tabitha kauchomea upya, mimi nimeshika tochi, kwa sababu macho yangu siku hizi hayauoni waya mwembamba. Mota yenyewe ni ya waipa, imetoka kwenye gari bovu la mchungaji. Nikawaeleza watoto kwamba mota na jenereta ni ndugu: mmoja ukimpa umeme anazunguka, mwingine ukimzungusha anatoa umeme. Hawakuamini. Tukafunga balbu ndogo, wakazungusha kwa mkono, ikawaka. Nusu saa nzima wanazungusha. Niliwaacha.

Walikuja kumi na mmoja. Saba hawakuja. Uwele umekomaa na kwelea kwelea wameshuka, kwa hiyo watoto wako mashambani kuamia ndege, wanapiga makopo tangu alfajiri. Kila mwaka hapa Hombolo ni hivyo hivyo. Nilipokuwa mkuu wa shule hii nilikuwa nawaandikia wazazi barua za ukali. Tabitha ni kidato cha tatu tu, mwenyekiti wa klabu ya sayansi, na yeye hakuandika barua. Anatengeneza mashine ya kupiga makopo, ili watoto waje shule.

Jumatano, 7 Mei

Nina hasira.

Mashine ikipiga makopo muda wote, ndege wataizoea na betri ya pikipiki itakwisha. Inahitaji jicho, kihisi kinachoona kitu kikipita, ipige pale tu ndege wanapokuja. Jicho hilo lipo. Mwaka jana wafadhili walileta roboti ya magurudumu manne na sanduku la vihisi. Vyote viko kwenye kabati la kioo nyuma ya kiti cha Mkuu wa shule, pembeni ya kikombe cha mpira wa pete. Nailoni haijatolewa. Watoto wanaotumwa ofisini wanaiangalia roboti kama mtu asiye na ndoano anavyomwangalia samaki wa bwawani.

Tulikwenda kuomba. Tabitha akaamkia, akaeleza vizuri, akaahidi kurudisha.

"Kikiharibika?" Mkuu akauliza.

"Tutajua kimeharibikaje, Mkuu."

Jibu zuri kuliko yote niliyosikia kwa mwanafunzi mwaka huu. Mkuu akaliona ni ufidhuli. Alimtoa nje, mimi akanibakiza kunipa chai. Chai! Akasema vile ni vifaa vya kuonyesha wageni, mzee wangu, unajua mwenyewe. Nilikunywa nusu kikombe nikaondoka.

Jumapili, 11 Mei

Baada ya ibada Tabitha alisimama na mashine yake kwenye uwanja wa kanisa, akawaita watoto wa shule ya msingi. Alimpa kila mmoja zamu ya kuunganisha waya, hata wadogo kabisa. Mzee mmoja akamtania mbele ya watu.

"Binti, utaolewa na makopo?"

"Angalau hayanywi, babu."

Wanawake walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Wazazi watatu wamekubali kuwaleta watoto wao klabu Jumatatu jioni. Siku njema.

Lakini Mkuu alikuwepo, akanivuta pembeni. Alhamisi wageni wanakuja kuona roboti waliyoileta, na Tabitha ndiye ataiendesha. Nikasema basi aifanyie mazoezi kesho. Hapana. Atapewa siku hiyo hiyo, isije ikachafuka.

Nikamweleza polepole, kama ninavyomweleza mtu yeyote. Betri za aina ile hazipendi kukaa. Hata bila kutumika chaji inavuja kidogo kidogo, na ikishuka chini ya kiwango fulani betri haipokei chaji tena. Ni kama mtu aliyekaa na njaa mpaka tumbo likakataa chakula. Mwaka mzima kabatini ni muda mrefu.

Akacheka. "Mwalimu, kitu kipya kinakufaje?"

Alhamisi, 15 Mei

Imekufa.

Nimeandika neno hilo kwa nguvu, kalamu imetoboa karatasi.

Wageni walifika saa nne. Turubai, viti vya plastiki, kwaya. Nailoni ikatolewa mbele ya watu wote, Mkuu mwenyewe, kwa mkasi mpya. Taa ya chaja ikawaka nyekundu, ikapepesa, ikazimika. Tabitha akabonyeza. Akageuza, akaangalia, akabonyeza tena. Akasema kwa sauti ya kawaida, "Betri imekufa kwa kukaa. Naomba niwaonyeshe mashine yetu ya ndege, ipo hapo nyuma ya darasa."

Mkuu akamwambia akae chini, hatutawaonyesha wageni makopo. Kisha akawaambia wageni kwamba wanafunzi wa klabu wamekuwa wakiichezea roboti bila ruhusa.

Bila ruhusa! Kabati lina ufunguo mmoja, na ufunguo unaning'inia kwenye mkanda wa suruali yake! Kila mtoto wa shule ile anaujua mlio wake akipita.

Wageni walipoondoka, klabu ikafungwa. Tabitha kavuliwa uenyekiti mstarini, mbele ya wadogo aliowakusanya mwenyewe. Asiiguse sayansi nje ya kipindi mpaka bodi ya shule ikae Ijumaa ijayo. Bodi ikimkuta na hatia, atasimamishwa masomo.

Na mimi? Nilikuwa kiti cha mbele, nimeshika soda. Sikusimama. Nilijiambia si adabu kumkatiza Mkuu mbele ya wageni. Nilimaliza ile soda.

Ijumaa, 16 Mei

Hasira tu. Nilikuwa nasema peke yangu wakati wa kula mpaka mke wangu akauliza, "Unagombana na ugali?" Mlenda umepoa. Samahani Mama Elia.

Jumatatu, 19 Mei

Nilikwenda ofisini na maneno yangu nimeyapanga. Mimi ni mjumbe wa bodi, nina haki. Nikamwambia Mkuu amesema uongo, amemwangushia binti wa watu kosa la betri, amefunga kitu pekee pale shuleni ambacho watoto wanakifuata kwa miguu yao wenyewe. Nikamuuliza ni mjinga gani alimfundisha kwamba kifaa cha kufundishia kinawekwa kwenye kioo.

Akafungua droo, akatoa daftari la vifaa, lile kubwa la jalada jekundu. Akalifungua ukurasa wa kwanza, akanigeuzia.

"Vifaa vya maabara visitolewe stoo isipokuwa kwa ukaguzi au wageni rasmi."

Mwandiko wangu. Sahihi yangu.

Chini yake: hadubini, moja. Hali: mpya. Sahihi yangu tena, siku ya kukabidhi shule nilipostaafu.

Nimekaa hapa barazani tangu saa tisa nikijaribu kuandika hili kwa utaratibu. Zililetwa hadubini mbili. Mwanafunzi mmoja alivunja ya kwanza, nikachapa darasa zima, nikaifungia ya pili. Miaka sita. Siku ya kukabidhi nililifungua sanduku. Lenzi zote zilikuwa zimeota ukungu, huoni hata mwanga. Nikaifunga. Nikaandika mpya. Ilikuwa mpya kweli. Hakuna aliyewahi kutazama ndani yake.

Na huyu Mkuu wakati ule alikuwa mwalimu wangu kijana, ameajiriwa juzi juzi. Mimi ndiye niliyemfundisha kazi.

Akaniambia bila kupandisha sauti, "Ukisema bodini, mwalimu, na hii itasomwa."

Jumatano, 21 Mei

Nilimtafuta Tabitha nyumbani kwao. Mama yake akanielekeza shambani. Niliwakuta pembezoni mwa uwele, yeye na wale saba wasiokuja klabu, wamekaa kwenye kivuli cha gunia. Wanapiga makopo, kisha anawachorea saketi mchangani, ndege wakirudi wanasimama wanapiga, wanakaa tena.

"Shikamoo mwalimu. Nimekatazwa shuleni. Huku sijakatazwa."

Nilitaka kumweleza kuhusu hadubini. Nikashindwa. Niliwaeleza saketi sambamba badala yake. Mwoga mkubwa.

Ijumaa, 23 Mei

Bodi ilikaa saa tatu asubuhi. Mkuu alisoma mashtaka yake. Nikaomba nafasi.

Nilianza na betri, kwa sababu hilo ni jambo la fizikia na halimwonei mtu haya. Nikaeleza inavyokufa. Nikauliza funguo za kabati ni ngapi na zinakaa na nani. Mkuu akanyanyua daftari jekundu. Nikamwambia lete, nitasoma mwenyewe.

Nikasoma amri yangu. Nikasoma hadubini, hali mpya. Nikawaambia ilikuwa imeoza, nilijua, nikasaini.

Mjumbe mmoja, mama anayeuza zabibu sokoni, akasema, "Wanangu wawili wamesoma bailojia hapa. Wote walichora hadubini kutoka ubaoni. Wakaniambia mama, ipo, ila ni ya wageni."

Ningependa angenitukana.

Bodi ikaamua: Tabitha hana hatia. Klabu ifunguliwe. Ufunguo ukae kwa mwalimu wa sayansi. Mkuu hakuomba radhi, na nadhani hataomba. Kwenye mlango alinipita bila salamu. Bado nina hasira naye. Nusu yake, kwa haki, nimeirudisha nyumbani kwangu.

Jumamosi, 24 Mei

Nilimweleza Tabitha yote, kutoka ile hadubini ya kwanza. Alisikiliza huku anafungua kamba za sanduku la vihisi. Akauliza kitu kimoja tu.

"Aliyeivunja ile ya kwanza, alikuwa anataka kuona nini?"

Sijui. Sikumuuliza kamwe.

Jumatano, 28 Mei

Upepo mwepesi wa mashariki. Uwele wa upande wa bwawa unakaribia kuvunwa.

Jicho limefungwa juu ya fito. Kundi likishuka, makopo yanapiga, ndege wananyanyuka wote kwa pamoja, kisha kimya. Tulikaa tukaangalia hivyo muda mrefu. Mara mbili makopo yalipiga kwa sababu ya mbuzi.

Klabu ilikuwa na watoto ishirini na mmoja jioni hii. Roboti imepewa betri za tochi za zamani, inakwenda polepole na inavuta upande wa kushoto. Gurudumu moja lilipasuka jana kwenye jiwe. Wamelizungushia kipande cha kandambili.

Mwalimu wa sayansi aliniletea daftari jekundu, akataka nimsaidie kujaza. Nilifuta mstari wa kwanza, ile amri yangu, nikaweka sahihi pembeni. Kwenye hadubini niliandika kweli yake. Kisha nikampa Tabitha kalamu kwa ajili ya roboti.

Alifikiri kidogo. Akaandika: gurudumu la nyuma kulia, kandambili. Hali: inatumika.